Kinu Kilichobaki Ukutani

Kwenye korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, kati ya chumba cha dawa na mlango wa jikoni, imetundikwa picha ya zamani yenye rangi ya chai. Jengo la mawe na mbao limekaa ukingoni mwa mto, mapaa yake hayalingani, kuta zimeegemeana kama watu waliochoka safarini. Nyuma yake imesimama miti mirefu myembamba. Maji yaliyo mbele yametulia kiasi kwamba jengo linaonekana mara mbili, la juu na la chini.

Kwa miaka mitatu nilipita mbele ya picha hiyo kila usiku nikisukuma toroli la chai, bila kuuliza ni wapi. Picha za mto zimejaa Oxford. Utazikuta hospitalini, utazikuta mikahawani. Usiku mmoja wa Februari bwana mmoja mwenye umri wa miaka tisini na kitu alikosa usingizi, akaniomba nimtembeze na kiti chake cha magurudumu. Tulipofika pale aliinua mkono nisimame.

"Unakijua hiki?"

Nikamwambia sikijui.

"Ni kinu cha Iffley. Kiliungua mwaka 1908. Mimi nimezaliwa kijijini pale, nimeoa pale, mke wangu nimemzika pale, na kinu hiki sikukiona hata siku moja. Lakini nikifumba macho nikawaza kwetu, ninachokiona ni hiki."

Nilimrudisha chumbani, nikamfunika blanketi, nikaendelea na zamu. Ila tangu usiku ule nimekuwa mtu wa kufuatilia majengo yasiyokuwepo.

Sababu yake ni ya nyumbani. Mimi ni mtoto wa mwenye mashine. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa Korogwe, si mbali na mto Pangani, na nimekulia ndani ya ule unga. Injini yake ilikuwa Lister ya dizeli, ile yenye gurudumu kubwa ubavuni, inayopiga tuk, tuk, tuk hadi mtu aliye ng'ambo ya mtaa anajua kwamba leo mashine inafanya kazi. Ubavuni ilikuwa na kibao cha shaba chenye maandishi, na neno moja katika kibao kile lilikuwa DURSLEY. Nilijifunza kusoma herufi kubwa kwenye kibao hicho kabla sijaanza shule, nikadhani Dursley ni jina la mtu. Nilipofika Uingereza ndipo nilipoona kwenye ramani kwamba ni mji mdogo wa Gloucestershire, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Oxford. Nilikwenda. Pale kilipokuwa kiwanda sasa wamejenga nyumba za kuishi, zenye bustani ndogondogo na baiskeli za watoto mlangoni. Na pale ilipokuwa mashine ya baba sasa ni kinyozi. Kwa hiyo mzee yule aliponiambia anawaza kwao kwa kukumbuka jengo lililoteketea, hakuhitaji kunieleza zaidi.

Zamu yangu huisha saa moja na nusu asubuhi. Badala ya kupanda basi nikaanza kurudi kwa miguu, nikifuata njia ya kando ya mto.

Iffley ni kijiji kilichomezwa na jiji bila kutafunwa. Tangu 1929 kimo ndani ya mipaka ya Oxford, na upande wa mashariki magari hayakatiki, kwa sababu Cowley, ambako William Morris alianza kutengeneza magari kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iko jirani kabisa. Lakini ukiingia barabara ya kanisani kelele zinakatika. Kuna kuta za mawe, kuna ghala la kale lililoezekwa kwa nyasi ambalo liligeuzwa shule, na mwisho wa njia kuna kanisa la Mtakatifu Maria, lililojengwa kati ya miaka ya 1160 na 1170. Mlango wake wa magharibi umechongwa mistari ya msumeno na vichwa vya ndege wenye midomo mirefu, safu kwa safu, na nimesimama mbele yake asubuhi nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Jengo la kwanza lililotoweka nililolipata Iffley halikuwa kinu. Lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa na ukuta wa kanisa, upande wa kusini. Ndani yake aliishi mwanamke aitwaye Annora kuanzia 1232 hadi 1241. Alikuwa mjane, mzaliwa wa ukoo wa makabaila wa de Braose, naye aliamua kufungiwa humo kwa hiari, akisali, akipokea chakula dirishani, asitoke tena. Mama yake na kaka yake walikufa kwa njaa gerezani mwaka 1210 kwa amri ya Mfalme John. Na aliyekuwa akimpelekea Annora kuni na nguo katika chumba kile alikuwa Mfalme Henry wa Tatu, mtoto wa John. Sijui kama kuna hadithi nyingine ya kuni inayoniuma hivi. Chumba hakipo. Kuna ukuta wa kanisa na nyasi, na mtu asiyeambiwa atapita na mbwa wake bila kugeuka.

Ukitoka kanisani ukashuka, unafika Mill Lane, Njia ya Kinu. Inateremka kati ya kuta mbili hadi majini. Hapo chini utakuta daraja dogo juu ya mkono mwembamba wa mto, kisha kisiwa, kisha loki, yaani kile chumba cha maji chenye milango miwili kinachopandisha na kuteremsha mashua. Utakuta na jiwe la kusagia, la mviringo, limewekwa kama ukumbusho. Kinu chenyewe ndicho hakipo.

Niseme kidogo jinsi kilivyofanya kazi, kwa sababu watu wengi wanaolisifu jengo lile hawajawahi kusagisha kitu.

Mto Thames hauna haraka. Pale Iffley tofauti ya kimo kati ya maji ya juu na ya chini haifiki hata mita moja. Ili kupata nguvu kutoka maji mavivu kama hayo ilibidi wayazuie kwa kizuio, yarundikane, kisha yaachiwe kwenye mfereji mwembamba yalipige gurudumu kwa chini. Gurudumu lilizungusha mhimili, mhimili ukazungusha magurudumu ya meno ya mbao, na hayo yakazungusha jiwe la juu juu ya jiwe la chini. Mawe ya kusaga unga mweupe wa ngano yalithaminiwa zaidi yakitoka Ufaransa, La Ferté-sous-Jouarre, na hayakuwa jiwe moja: yalikuwa vipande vilivyounganishwa kwa plasta na kufungwa kwa pete ya chuma. Ya kusagia chakula cha mifugo yalitoka milima ya Derbyshire. Kila baada ya muda jiwe lilipinduliwa na fundi akalichonga upya mifereji yake kwa patasi. Mafundi hao walijulikana kwa mikono. Chembe za chuma ziliruka kutoka kwenye patasi zikaingia nyama ya nyuma ya kiganja, zikabaki humo, nyeusi, maisha yote. Baba ana alama kama hizo, ila zake ni za moto wa kulehemu.

Lugha yetu ina neno moja, kinu, kwa vitu vingi: kinu cha kutwangia, kinu cha mafuta kilichozungushwa na ngamia kule Unguja, mpaka tukapata msemo wa ngamia wa kinuni. Na tunalo kijaa, lile jiwe la kusagia kwa mkono. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kijaa, akakitumia hata baada ya mwanawe kununua mashine, kwa uwele tu na kwa kiasi kidogo. Alikuwa akisema unga wa mashine unatoka umekasirika, kwa ule ujoto wake.

Nilimkumbuka sana niliposoma habari za mji wa St Albans. Katika Uingereza ya zamani mwenye ardhi ndiye aliyekuwa na kinu, na wakulima wake walilazimika kusaga kwake na kumwachia sehemu ya nafaka. Kuwa na kijaa nyumbani kulihesabiwa kama wizi. Pale St Albans abati wa monasteri aliwanyang'anya watu vijaa vyao, akavipanga kama sakafu ya chumba chake cha kupokelea wageni, ili kila anayeingia avikanyage. Hiyo ilikuwa miaka ya 1330. Watu hawakusahau. Katika uasi wa wakulima wa 1381 waliingia monasterini, wakaing'oa sakafu ile, wakavunja mawe wakagawana vipande, kila mtu akaenda na chake nyumbani. Miaka hamsini walikuwa wakisubiri.

Kwa hiyo mimi siwezi kukitazama kinu cha Iffley nikaona uzuri peke yake. Kilikuwapo tangu zama hizo za kulazimishana. Mwaka 1445 kiliingia mikononi mwa Chuo cha Lincoln cha Oxford, nacho kikakimiliki kwa karne zaidi ya nne. Wasomi walikula kodi ya unga. Msagaji alikuja, akazeeka, akaja mwingine.

Na kinu kilikuwa na adui: mwenye mashua. Kizuio kile kile kilichompa msagaji nguvu kiliifunga njia ya mto. Kabla ya loki, mashua ilipita kwa kuondolewa mbao za kizuio moja moja. Maji yakafoka, mashua iliyoteremka ikabebwa na mkondo kwa hatari, na iliyopanda ikavutwa kwa kamba na nguvu za watu au farasi. Baada ya hapo msagaji alibaki na mfereji mkavu hadi maji yarundikane tena. Kwa hiyo hakufungua mpaka alipwe, na wakati mwingine hakufungua hata akilipwa, hasa kiangazi. Ugomvi huu wa maji ni wa kale mno: Magna Carta, ule mkataba aliobanwa nao Mfalme John mwaka 1215, ina kifungu kizima kinachoamuru vizuio vya kuvulia samaki viondolewe katika mito ya Thames na Medway.

Iffley ni mahali ambapo ugomvi huo ulipata dawa yake. Mwaka 1624 Bunge lilipitisha sheria ya kuufungua mto kati ya Oxford na Burcot, na loki ya Iffley ikajengwa mwaka 1631, miongoni mwa tatu za kwanza za aina hiyo katika mto Thames wote. Nyingine mbili zilikuwa Sandford, mbele kidogo kuelekea kusini, na Swift Ditch karibu na Abingdon. Mwaka 1635 mashua ya mizigo ikafika Oxford. Loki unayoiona leo pale si ile; imejengwa upya mwaka 1924. Hata loki ni jengo lililotoweka, basi tu kwamba mahali pake pamekaliwa na mtoto wake.

Nilimletea mzee wangu habari hizi kipande kwa kipande, kila zamu kipande kimoja, nikimkunjia taulo au nikimchemshia maziwa. Namwita "mzee wangu" kwa Kiswahili na amelipenda neno hilo, ananiitikia, "Ndiyo, binti." Habari ya vijaa vya St Albans alinifanya niirudie mara mbili.

Kilichoua vinu vya namna hii si moto. Moto ulikuwa wa Iffley. Kifo kilikuwa cha wote. Kuanzia miaka ya 1880 Waingereza walianza kutumia mashine za roli, yaani mitungi ya chuma inayozunguka, ufundi ulioendelezwa sana Hungary, ambazo zilichanua punje ya ngano na kutenga pumba na kiini chake kwa usahihi ambao jiwe haliwezi. Ukatoka unga mweupe pepe, usiochacha haraka, wa bei nafuu. Wakati huohuo meli zilileta ngano kutoka Marekani, Kanada, Urusi na India, kwa hiyo viwanda vikubwa vikasimama bandarini, London, Liverpool, Hull. Nafaka haikuwa na sababu tena ya kupanda mto hadi kijijini. Yeyote aliyeona watu wa mtaa wake wakiacha kubeba debe la mahindi kichwani na kuanza kununua sembe ya mfuko dukani anaielewa historia hii bila mwalimu. Unga wa jiwe ulikuwa dona. Uliopendwa ukawa sembe. Baba aliendelea kusaga dona hadi wateja wake wakabaki wafugaji wa kuku na watu walioambiwa na daktari.

Moto nao ulikuwa jirani wa kila kinu. Jengo la mbao kavu, vumbi la unga hewani ambalo likipata cheche hulipuka, mhimili unaochemka usipopakwa mafuta. Zaidi ya yote, mawe yakikosa nafaka katikati husuguana yenyewe na kutoa cheche. Ndiyo maana vinu vya Kiingereza viliwekewa kengele iliyolia nafaka ikikaribia kwisha, msagaji akurupuke usingizini. Kule London, kinu kikubwa cha mvuke cha Albion, kilichojengwa 1786 kando ya daraja la Blackfriars, kiliteketea 1791, na inasimuliwa kwamba wasagaji wa vinu vidogo walikitazama kikiungua wakashangilia, kwa kuwa kilikuwa kimewanyima riziki. Iffley hakuna aliyeshangilia. Kinu kiliungua Mei 1908, na Chuo cha Lincoln hakikukijenga upya.

Lakini kilikwisha kuwa na maisha mengine. Henry Taunt, mpiga picha wa Oxford aliyezaliwa 1842 na kufariki 1922, alikuwa ameutembea mto huu kwa mashua na kamera yake ya vioo, akauza ramani na picha za Thames kwa maelfu ya wasafiri wa Jumapili. Kinu cha Iffley kilipigwa picha na yeye na wengine, kikachorwa kwa rangi za maji, kikawekwa kwenye kadi za posta. Kikawa miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha zaidi katika Thames nzima. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa baada ya kuungua anaweza kukikumbuka.

Linganisha na Sandford. Ukifuata mto kuelekea kusini, kama nusu saa ya mwendo, unafika kijiji cha Sandford-on-Thames. Kule maji yanashuka zaidi ya mita mbili na nusu, na tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kila kitu. Watawa wapiganaji wa shirika la Templar walikuwa na makao yao pale katika karne ya 13, na kinu kilisaga kijijini tangu zama zao. Nguvu za maji zilikuwa nyingi, kwa hiyo katika karne ya 19 kinu kikakua kuwa kiwanda cha karatasi, chenye bomba la moshi na watu wengi wa kuajiriwa. Kikafungwa miaka ya 1980, kikabomolewa, zikajengwa nyumba za makazi. Watu waliofanya kazi ndani yake bado wako hai, nimewahudumia wawili. Lakini nenda kwenye duka lolote la picha Oxford uulize kiwanda cha karatasi cha Sandford. Hakikuwa na sura ya kadi ya posta. Kilichopata mnara wa ukumbusho pale ni maji yenyewe: kwenye dimbwi la chini ya kizuio kuna nguzo ya mawe yenye majina ya wanafunzi watano wa Chuo cha Christ Church waliozama, wawili mwaka 1843, mmoja 1872, wawili 1921.

Na kaskazini ya jiji kuna Wolvercote. Hiki kinanigusa kwa namna yake. Karatasi ilitengenezwa pale tangu karne ya 17, na katika karne ya 19 kiwanda kikawa mali ya wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, kikawatengenezea karatasi nyembamba mno ya Biblia zao. Wachapishaji haohao ndio waliotoa kamusi kubwa ya Kiswahili ya mwaka 1939, ile iliyokaa kwenye kabati la baba mkwe wangu ikiwa imefunikwa kwa gazeti. Kiwanda kilifungwa 1998. Nilipokwenda nilikuta mtaa mpya wa nyumba, matofali bado yana rangi ya jana, na mkondo wa maji unapita katikati kama kawaida yake, bila gurudumu.

Nimejaribu kufikiri kwa nini kimoja kinaliliwa na viwili havililiwi, na jibu langu ni kwamba tunayakumbuka majengo kwa macho ya waliokuwa na nafasi ya kuyatazama. Jibu hilo lilinikaa vibaya kwa wiki kadhaa kabla ya kulielewa vizuri, na aliyenifumbua ni baba.

Nilimpigia simu Jumapili, kama kawaida. Ana miaka sabini na sita sasa, masikio hayasikii vizuri, injini zimeyala. Nikamwambia kuhusu kinu, nikamtumia picha ile ya koridoni kwa WhatsApp. Simu ikakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

"Mwanangu," akasema, "hii ni nyuma ya kinu."

"Nyuma kivipi, baba?"

"Huku ni majini. Nafaka haiji kwa majini hapa, mbona hakuna ngazi wala gati la maana? Watu walikuja kwa upande mwingine. Mbele yake iko wapi?"

Nilizipitia upya picha zote nilizokuwa nimezikusanya. Karibu zote zimepigwa kutoka upande wa mto, kutoka njia ya mashua au kisiwa cha loki, kwa sababu huko ndiko walikokuwa wapiga picha na watalii, na huko ndiko jengo lilikojitazama kwenye maji. Upande wa mikokoteni, wa magunia, wa mlango ambao watu wa Iffley waliuingia kwa miaka mia saba, umebaki nje ya picha. Mzee wangu amezaliwa katika kijiji hicho na hata yeye anakikumbuka kinu cha kwao kutokea mtoni, kama mgeni anayepita kwa mashua.

Mashine ya baba ilikuwa na mbele. Mbele yake kulikuwa na mwembe, na chini ya mwembe kulikuwa na foleni: ndoo, madebe, magunia yaliyofungwa kwa kitambaa ili kila mtu alijue lake, wanawake wamekaa juu ya kanga zao, watoto waliotumwa wakisahau walichotumwa. Chini ya mwembe ule zilijulikana posa, misiba, bei ya mafuta ya taa. Mama yangu alikutana na baba hapo, amebeba debe la mtama. Nikikumbuka mashine naukumbuka mwembe kwanza, kisha vumbi kwenye kope za baba, na injini mwisho kabisa.

Asubuhi iliyofuata nilishuka Mill Lane badala ya kuipita. Kulikuwa na ukungu mtoni, na upande wa pili nyasi za malisho zilikuwa zimelowa. Mwezi wa Aprili mbuga ile huwa na maua ya zambarau yaliyoinamisha vichwa, yenye madoa ya mraba kama kitambaa cha kikoi, lakini ilikuwa mapema bado. Nilisimama chini kabisa ya njia, mgongo kwa maji, nikapiga picha kuelekea juu: kuta mbili, mteremko, mahali ambapo njia inapanuka kidogo kabla ya kufika majini. Picha isiyo na uzuri wowote. Nikamtumia baba.

Nilikuwa nimefika kituo cha basi aliponijibu. Alikuwa amejifunza kutoka kwa wajukuu namna ya kuchora juu ya picha kwa kidole. Pale njia inapopanuka, upande wa kushoto, chini ya ukuta, aliweka duara jekundu lililopinda, na pembeni yake akaandika: *Foleni ilikaa hapa. Ukuta unakinga upepo, na mkokoteni unapata pa kugeuzia.*

Usiku ule nilimpelekea mzee wangu simu koridoni, nikaiinua kando ya fremu ya picha ya zamani ili azitazame zote mbili kwa pamoja. Alivaa miwani. Akalitazama duara lile kwa muda, akaniuliza ni nani aliyelichora.

"Baba yangu," nikamwambia. "Ni msagaji."

Akaniomba nimsogeze karibu zaidi.